Tangi la samaki linalokoroma usiku
Ndugu wa Milimani Kisumu, umeuliza kwa nini tangi lako linakoroma: ni kwa sababu bomba la kushushia maji kwenye tangi la chini, ambako pampu huyarudisha juu, linameza maji na hewa kwa pamoja. Weka mabomba mawili. La kwanza lifungie koki ya gurudumu. Ile ya kugeuza robo mzunguko huwezi kuipima kidogo kidogo. Hiyo ya gurudumu ikaze taratibu mpaka maji yafunike mdomo wa bomba, hewa iishe, na kelele itakatika. Ncha ya chini ya bomba hilo izame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya tangi la chini, la sivyo hewa hukosa pa kutokea. La pili mdomo wake uwe juu kidogo, bila koki kabisa: konokono akiziba la kwanza, hilo ndilo litaokoa zulia lako. Na tangi la chini usilijaze, stima ikipotea pampu husimama na maji ya juu yatateremka huko.