Maswali na Majibu: Injini ya Dragi Iliyotoa Konrodi

Safu ya mwezi huu inajibu maswali kuhusu injini za zamani za mbio za dragi, yaani mbio za magari mawili yanayoshindana kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, sawa na mita 402. Wengi walioandika wanaishi Marekani na Uingereza, ambako magari haya bado yanakimbizwa, lakini mafundi wa huku nyumbani nao wameuliza.

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Houston na ninasaidia timu yenye gari la zamani linalotumia injini ya Chrysler Hemi 392 (ya silinda nane; 392 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo) na nitromethani, mafuta makali ya mbio. Katikati ya njia konrodi moja, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), ilikatika ikatoboa bloki. Mwenye gari anataka tuagize krenki na pistoni leo hii. Tuanzie wapi?

Marahaba. Mwombeni asubiri kwanza. Konrodi iliyotoboa bloki mara nyingi si chanzo, bali ni kitu cha mwisho kuvunjika katika mfuatano ulioanzia kwingine, na mkinunua vipuri kabla ya kujua kilichotangulia kuharibika, mtaivunja injini mpya kwa sababu ileile.

Ifungueni polepole na msiioshe. Kila pistoni, konrodi, beringi, pushirodi na plagi iwekwe mezani kwa namba ya silinda yake, na kila nusu ya beringi iandikwe mgongoni kama ilikaa juu au chini. Kisha zichunguzeni silinda saba ambazo hazikuvunjika, kwa sababu huko ndiko ushahidi umebaki mzima. Ile ya nane imejisaga yenyewe, na mengi mtakayoyaona ndani yake ni matokeo tu.

Beringi zikiwa zimekwanguka karibu zote na krenki imegeuka rangi ya buluu, oili haikufika, na pa kutazama ni pampu, sampu (karai la oili chini ya injini) na bomba la kunyonyea, kwa kuwa gari la dragi linapochomoka oili yote hukimbilia nyuma ya sampu. Pistoni ikiwa imeyeyuka, mchanganyiko ulipungukiwa na mafuta au cheche iliwahi mno. Boliti ya konrodi iliyorefuka na kuwa nyembamba kiunoni kabla ya kukatika ilivutwa kupita uwezo wake, ilhali ile ambayo uso wake uliokatika una mistari iliyopangana, kama ile ambayo maji huiacha ufukoni yakipwa, ilikuwa na ufa uliokua kidogo kidogo kwa muda mrefu, na hiyo ina maana kwamba boliti nyingine za umri huohuo nazo haziaminiki tena.

Kuna chanzo kingine ambacho injini za nitromethani zinakipata kuliko nyingine zote. Petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kilo moja ya mafuta iungue sawasawa. Nitromethani huhitaji takriban kilo 1.7 tu, kwa sababu molekuli yake imebeba oksijeni yake yenyewe. Kwa hiyo mafuta yanayomiminwa ndani ya silinda ni mengi mno, na plagi ikizimika hata kwa mizunguko michache, silinda hujaa kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Pistoni inapopanda, lazima kitu fulani kishindwe: konrodi ipinde, silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) iinuke au slivu (ala ya ndani ya silinda) ipasuke. Mkikuta konrodi ya silinda nyingine imefupika kuliko wenzake, na nusu ya juu ya beringi yake imefinywa, katazameni magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) na waya zake kabla ya kumlaumu fundi aliyekaza boliti.

Swali: Bloki ya chuma yenye tundu inatengenezeka, au ndiyo imekwisha? (Msomaji, Birmingham)

Inategemea tundu liko wapi. Hemi 392 ilitolewa kwa magari ya modeli za 1957 na 1958 tu, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeitupa bloki yake kwa haraka. Tundu likiwa kwenye ukuta wa chini wa bloki, mbali na kuta zinazobeba beringi kuu, fundi mzoefu anaweza kuliziba kwa kipande cha chuma na kuushona ufa kwa pini zenye nyuzi. Njia hii mara nyingi ni salama kuliko kuchomelea, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipata joto la ghafla upande mmoja hupasuka upande mwingine. Silinda iliyokwanguka hupanuliwa na kuwekewa slivu. Lakini ufa ukiwa umeingia kwenye ukuta wa beringi kuu, bloki hiyo iachwe ipumzike, hata kama muuzaji ataapa kwamba imeshonwa vizuri.

Kabla ya kuamua, bloki na krenki zipimwe kwa sumaku na unga wa chuma, ambao hujikusanya juu ya nyufa zisizoonekana kwa macho. Kipimo hicho hakifanyi kazi kwenye alumini, kwa hiyo silinda hedi na konrodi za alumini hupimwa kwa rangi inayopenya. Unene wa kuta za silinda upimwe kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu katika usubuji wa zamani upande mmoja wa silinda unaweza kuwa mwembamba kuliko ule wa pili. Mwishowe mashimo ya beringi kuu yahakikiwe kama bado yamenyooka kwenye mstari mmoja, jambo ambalo watu wengi hulisahau, kisha hushangaa krenki mpya inapokataa kuzunguka.

Njia nyingine ilianza mwaka 1971, pale Ed Donovan wa California alipotoa bloki ya alumini, Donovan 417, iliyofuata umbo la 392 lakini yenye slivu zinazobadilishwa moja moja. Mimi ningekimbia na bloki ya namna hiyo na kuihifadhi ile ya kiwandani, ingawa najua wapo watakaoniita msaliti.

Swali: Kwa nini watumie konrodi za alumini ilhali chuma ni imara zaidi?

Kwa sababu alumini ni nyepesi na hupokea mshtuko, hivyo beringi na krenki hupata nafuu mlipuko unapokuwa mkali. Gharama yake ni kwamba huchoka mapema na hurefuka zaidi ikipata joto, kwa hiyo nafasi kati ya pistoni na silinda hedi huachwa kubwa, takriban milimita 1.5 badala ya milimita 1 inayotosha kwa konrodi za chuma. Timu makini huandika kila seti imekimbia mara ngapi. Baada ya ajali kama ya Houston, zote nane hubadilishwa, na uzito wake ukitofautiana na wa zile za awali, krenki lazima isawazishwe upya.

Swali: Mimi ni fundi wa dizeli, Tanga. Nimesikia kwamba bloa lililokaa juu ya injini hizi linatoka kwenye injini za dizeli. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, na wewe pengine unalijua kuliko wengi wanaolitumia. Jina 6-71 ni la injini ya dizeli ya General Motors yenye silinda 6, kila moja ikiwa na inchi za ujazo 71. Dizeli hiyo ni ya mipigo miwili, na haina mpigo wa kunyonya hewa, kwa hiyo ilihitaji bloa la kusukuma hewa safi ndani na kuutoa moshi. Vijana wa Marekani walilichukua bloa hilo, wakalifunga juu ya V8 na kulizungusha kwa mkanda.

Injini ikivunjika, usilirudishe kabla ya kulifungua. Valvu ya kuingiza iliyopinda au pushirodi iliyotoka mahali pake hubakisha njia wazi, moto ukapanda kwenye manifoldi iliyojaa mchanganyiko wa hewa na mafuta, na bloa likalipuka. Hata lisipolipuka, vipande vya chuma hukwaruza rota na nyumba yake, na nafasi kati yake ikishapanuka, hewa huvuja kurudi nyuma. Ndiyo maana magari haya hufungwa mikanda ya kulizuia bloa lisiruke, pamoja na bamba jembamba lililokusudiwa kupasuka kwanza.

Swali: Mwalimu wetu wa ufundi hapa Arusha anasema nafasi ya oili kwenye beringi ina kanuni moja. Ni ipi?

Mwalimu wako yuko sahihi. Kanuni ya kuanzia ni sehemu 1 kwa 1,000 ya kipenyo cha shafti. Hemi 426 ya mwaka 1964, injini ya Chrysler iliyofuata, ina jino kuu la krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi kuu) lenye kipenyo cha inchi 2.75, yaani milimita 69.85, kwa hiyo nafasi yake ni kama milimita 0.07. Wenye injini za nitromethani huiongeza, kwa kuwa krenki hupinda chini ya mzigo na wao hutumia oili nzito, hata ya SAE 70. Pima kwa maikromita na geji ya shimo, boliti zikiwa zimekazwa kwa kipimo chake kamili. Ule uzi wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi ni wa kuhakikisha tu.

Swali: Injini ikishafungwa, mara ya kwanza iwashweje?

Kabla ya kufikiria kuwasha, tangi la oili, mabomba yake yote na pampu vifunguliwe na kusafishwa, na kipoza oili, kama kipo, kitupwe, kwa sababu chembe za chuma zilizojificha ndani yake hazitoki zote hata ukiosha namna gani. Kisha pampu ya oili izungushwe kwa drili hadi presha ipande na oili ionekane ikitoka kwenye roka (mikono inayofungua valvu) zote 16.

Kamshafti yenye tapeti bapa huhitaji kuendeshwa mara moja kwa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 au 30, bila kuachwa sailensa (mzunguko wa polepole), na kazi hiyo ifanywe kwenye stendi yenye maji ya kupoza, kwa sababu magari mengi ya dragi hayana rejeta. Tapeti za kuviringika hazihitaji hayo.

Baada ya hapo kata chujio la oili, lifungue karatasi yake na uitazame kwenye mwanga. Kukiwa safi, safari ya kwanza iwe nusu ya njia, kwa methanoli au kiasi kidogo cha nitromethani, nozeli na cheche zikiwa zimerekebishwa kwa mchanganyiko huo. Jioni ileile fungua kofia mbili za konrodi na uzitazame beringi kabla gari halijapandishwa kwenye trela.