Hoja ya CAG: mpe mbunge ukurasa mmoja

Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, kwenye kahawa za Ngamiani hapa Tanga utasikia, "Bunge liwakamate hawa!" Bunge halikamati mtu. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, humwita mkurugenzi wa halmashauri kama afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zake, humhoji na kumpa maelekezo. Uchunguzi hufanywa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au polisi, na mashtaka yako kwa DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Kamati inachoweza ni kuuliza faili limelala wapi, na swali hilo mbunge haliulizi vizuri bila karatasi mkononi.

Anza na kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, hesabu hupelekwa kwa CAG ifikapo Septemba 30, ripoti humfikia Rais mwisho wa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni, kwa kawaida Aprili. Kwa hiyo ushuru ulioliwa Julai, mwanzoni kabisa mwa mwaka, husikika bungeni miezi 21 baadaye. Mkusanyaji keshahama, mashine ya POS, ile ya kukusanyia ushuru na kutoa risiti, ina mtu mwingine, na risiti yako imebaki karatasi nyeupe, maana maandishi yale hutokana na joto, si wino, nayo hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo, namba na tarehe zionekane.

Kwenye ripoti tafuta jina la halmashauri, unakili namba ya aya, kiasi na mwaka kwenye ukurasa mmoja utakaompa mbunge. Hati safi isikupumbaze. Maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa; haisemi kwamba hakuna aliyeiba.

Tuseme aya inahusu makusanyo ya POS yasiyofika benki. Usiandike "fedha zimeibwa sokoni." Omba orodha ya mashine, siku ambazo kila moja ilikuwa nje ya mtandao, deni la kila mkusanyaji, na tarehe za kupeleka fedha benki. Wizi wa namna hii hujificha kwenye pengo kati ya risiti kutolewa na fedha kuwekwa. Jumla ya mwaka huufunika; orodha ya siku kwa siku huufunua.

Jibu utakalolisikia ni, "Suala lipo TAKUKURU, tunasubiri." Wengi huishia hapo, na ndilo kosa kubwa. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inataka CAG akiona dalili za jinai avijulishe vyombo vya uchunguzi. Basi ulizeni barua ilikwenda lini na ina kumbukumbu namba ngapi, ni nyaraka zipi halisi zilizokabidhiwa na nani alizipokea, na hadi leo kiasi gani kimerejeshwa, kwa stakabadhi ipi. Halafu tenganisheni "linachunguzwa" na "lipo mahakamani." Kanuni za Bunge huzuia kujadili shauri lililo mbele ya mahakama, na wapo wanaoitumia kinga hiyo wakati hakuna kesi yoyote. Dawa yake ni kuomba namba ya kesi na jina la mahakama.

Msitegemee haraka. Sakata la Escrow ya Tegeta, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, lilikuwa na ripoti ya CAG, uchambuzi wa PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, na maazimio ya Bunge zima Novemba 2014. Kesi yake iliyotikisa zaidi, ya uhujumu uchumi, ilifunguliwa Juni 2017.

Mnaweza pia kumwandikia mkurugenzi wenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Pelekeni nakala mbili masjala, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo mtaambiwa barua haikufika. Zikipita siku 30 kimya, nakala hiyo iambatane na ukurasa wa mbunge. Na hoja ikijitokeza tena ripoti ya mwaka unaofuata, andikeni aya zote mbili, ya zamani juu ya mpya.