Mgombea Wako Akikugeuka: Jua Kwanza Kilichovunjika

Zipo hoja ambazo mgombea akitamka neno moja tu, nusu ya wafuasi wake wanafungasha virago: utoaji mimba, vita, uhamiaji, adhabu ya kifo. Kama umemnadi mtu kwa miezi kadhaa na sasa hata kusikia sauti yake hutaki, usikimbilie kumtukana kwenye kundi la WhatsApp. Jiulize kwanza kilichovunjika ni nini, maana watu huchanganya mambo matatu: msimamo, ahadi na ukweli.

Mgombea ambaye msimamo wake tangu mwanzo ulipingana na wako, na alishausema, hajakudanganya. Hukumsikiliza tu (na hili ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri, mgombea tunayempenda huwa tunamwekea maneno yetu kinywani). Aliyeahidi akakwama njiani ana kesi nyingine. Aliyeahidi huku akijua hatatimiza ndiye wa kuachwa bila kuagwa.

Kuwatofautisha kunahitaji maneno yake yenyewe. Ukitumiwa kipande cha video cha sekunde 20, tafuta hotuba nzima, usikilize dakika tano kabla ya kipande hicho na tano baada yake. Mara nyingi utakuta alikuwa anarudia hoja ya mpinzani ili aijibu.

Kama amewahi kuwa mbunge, fungua hansadi (kumbukumbu rasmi za bunge), na hapa ndipo wengi huteleza. Muswada mmoja unaweza kupigiwa kura mara nyingi: kusomwa mara ya pili, kisha marekebisho moja baada ya jingine, kisha kusomwa mara ya tatu. Mbunge anayeuunga mkono anaweza kukataa rekebisho lililochomekwa ili kuuzamisha, na wiki inayofuata mahasimu wakatangaza kwamba "alipiga kura ya hapana". Kwa hiyo soma kifungu kilichopigiwa kura, angalia ni hatua gani, na kama chama kilitoa amri ya kufuata msimamo mmoja. Asipoonekana kwenye kura moja, huenda alikuwa mgonjwa au safarini. Asipoonekana kwenye kura zote tatu za hoja ileile, anakwepa.

Tazama Uingereza. Kabla ya uchaguzi wa Mei 2010, wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga ongezeko lolote la ada za vyuo vikuu. Wakaingia serikali ya mseto, na Desemba mwaka uleule bunge likapandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Kati ya wabunge 57 wa chama hicho, 28 waliunga mkono, 21 walipinga, waliobaki hawakupiga kura. Ukiwa mpiga kura wa mmoja wa wale 21, kumwadhibu kwa dhambi ya wenzake ni uamuzi unaopaswa kuufanya ukijua hivyo. Mwaka 2012 kiongozi wao, Nick Clegg, aliomba radhi, na ukiisikiliza vizuri radhi ile ilikuwa ya kutoa ahadi, si ya kuivunja. Mwaka 2015 chama kilirudi bungeni na viti 8.

Angalia pia kama kiti anachogombea kina mamlaka juu ya jambo lenyewe. Meya hatangazi vita.

Ukishajiridhisha, mwandikie kabla hujaondoka. Ukurasa mmoja, hoja moja, swali moja la kujibiwa kwa ndiyo au hapana: "Muswada huu ukirudi, utauunga mkono?" Taja kwamba unapiga kura katika jimbo lake na kazi uliyoifanyia kampeni yake. Usimuulize kwa nini amekosea; utapewa hotuba. Mpe wiki mbili. Ukijibiwa "tunathamini maoni yako" bila ndiyo wala hapana, hesabu kwamba umejibiwa.

Kujitoa nako kuna utaratibu. Kama mchango wako hukatwa kila mwezi kwa kadi, usimamishe mwenyewe na uhifadhi uthibitisho, kampeni haitakukumbusha. Rudisha orodha za wapiga kura ulizopewa za kupita nyumba kwa nyumba, na futa nakala kwenye simu. Orodha hizo zina majina na anwani za watu, na kumpelekea mpinzani kwa hasira kunaweza kukuingiza kwenye mkono wa sheria. Kama mchujo wa chama haujafanyika, nguvu zako zote zipeleke huko, kwa sababu wapiga kura wake huwa wachache na kura moja ina uzito zaidi.

Kura ya mwisho inategemea mfumo. Penye duru mbili, unaweza kumpa mwingine duru ya kwanza ukaamua upya duru ya pili. Wanapopanga wagombea kwa namba, kama Ireland na Australia, mshushe nafasi badala ya kumfuta. Mshindi akiwa ni yule tu mwenye kura nyingi kuliko wengine katika duru moja, kukaa nyumbani kunampunguzia kura moja na kumwachia mpinzani wake mkuu nafasi. Fanya hivyo kama kweli uko tayari kumwona huyo ofisini. Kuharibu kura hupunguza vilevile, ila kwa kawaida huhesabiwa kama kura iliyoharibika na hakuna atakayejua ulikuwa na hoja gani.

Wanabaki wale uliowashawishi. Mpigie kila mmoja kivyake, mtajie tarehe ya kura na kifungu ambacho mgombea alikiunga mkono, kisha nyamaza aamue mwenyewe.