Kinga ya mwanamke wa China asiyeolewa
Umeuliza kama mwanamke wa China anayepigwa na mpenzi wake, bila ndoa, ana pa kukimbilia. Anapo, ingawa njia hiyo bado ni changa. Sheria ya Kupinga Ukatili wa Nyumbani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2016, ilileta amri ya ulinzi, ambayo mahakama huiamua ndani ya saa 72, au 24 iwapo hatari ni kubwa, lakini kwa wasiooana iliwahusu wanaoishi pamoja tu. Tangu Januari 2023, sheria ya haki za wanawake iliyorekebishwa inamkinga pia dhidi ya mwanamume anayemwandama kwa sababu ya uchumba au baada ya kuachana. Kwangu mimi, zito zaidi ni ushahidi: tangu Agosti 2022 mahakama hupokea hata ujumbe wa simu na barua ya mwanamume ya kuomba radhi na kuahidi kutorudia, barua ambayo mara nyingi ndiyo iliyomrudisha mwanamke kwake akiwa na matumaini. Asiichane, hata kama inamuumiza kuisoma. Aliyeolewa ana kikwazo kingine, kwani tangu 2021 talaka ya maelewano husubiri siku 30, ila akifungua kesi mahakamani kungoja huko hakumhusu.