Kabla Hujalipia Tanuri la Moshi, Jiulize Nani Atakesha Nalo

Juzi usiku, nikiwa nafunga hesabu za siku, nilipata ujumbe wa dada mmoja anayesoma makala zangu. Amepata jengo, amepata mkopo, na alikuwa amebakiza siku mbili tu kabla ya kulipa malipo ya awali ya tanuri la moshi, lile la kuivisha nyama taratibu kwa joto na moshi wa kuni, kwa ajili ya mgahawa wake wa kwanza. Aliambatanisha picha ya tanuri refu jeusi linalong'aa kwa rangi mpya, lenye sanduku la moto ubavuni na dohani upande wa pili, pamoja na karatasi ya muuzaji inayodai kwamba linaivisha vidari 20 vya ng'ombe kwa mkupuo mmoja. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nilichukue?" Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, kwa sababu tanuri langu la kwanza lilifanana na lile kama shilingi kwa ya pili, na ndilo lililonifungia mgahawa wangu wa kwanza.

Nililinunua kwa mapenzi. Nilikuwa nimefukiza nyama nyumbani kwa miaka kadhaa, rafiki zangu walikuwa wakinisifu, na kichwani mwangu mgahawa wa nyama ya moshi ulikuwa ni moto wa kuni tupu, bila gesi wala umeme, kama yalivyo matanuri ya Texas yanayoundwa kwa matangi chakavu ya gesi ya lita 1,900 au hata 3,800. Muuzaji aliyasoma mapenzi hayo usoni mwangu. Alinieleza habari za ladha, za rangi na za mwonekano wa tanuri mbele ya wateja, lakini hakuniuliza hata mara moja nitauza sahani ngapi kwa siku, nitafungua saa ngapi, wala nani atakayekuwa akitia kuni saa nane za usiku. Nami sikujiuliza. Bado linaniuma kwamba nilipompigia simu mwezi wa pili kumweleza yaliyonikuta, hakupokea, na hajapokea mpaka leo.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu, nalo lilijitokeza siku ileile ya ufunguzi. Vidari 20 vilienea kweli juu ya nyavu, lakini vikiwa vimegusana ubavu kwa ubavu, hewa ya moto haikupata pa kupita, na kila palipogusana palitoka rangi ya kijivu kama nyama ya kuchemsha badala ya kupata ule ukoko mweusi ambao mteja anaufuata. Uwezo wake wa kweli ulikuwa vidari 12. Halafu ikaja hesabu ya uzito. Vidari 12 vya kilo 6 ni kilo 72, nami nilikuwa nimezigawa kwa gramu 180 za sahani moja nikapata sahani 400. Nilisahau kwamba kidari hupunguzwa mafuta kabla ya kuingia motoni, kisha hukaa humo saa 12 hadi 14 huku maji yakitoka na mafuta yakiyeyuka, hata kinachobaki cha kukata mezani kinakuwa takriban nusu ya kile ulichonunua. Kilo 72 zikawa kilo 36, sahani 400 zikawa 200, na ilipofika saa nane mchana nilikuwa mlangoni nikiwaomba radhi watu waliokuwa wamesimama kwenye foleni kwa saa nzima. Kwa hiyo anza na idadi ya sahani unazotarajia kuuza siku yenye wateja wengi zaidi, uzirudishe kwenye kilo za nyama iliyoiva, kisha kwenye kilo za nyama mbichi, na mwisho kabisa ndipo uangalie ukubwa wa tanuri. Takwimu iliyoandikwa na muuzaji ipunguze kwa theluthi moja hata kabla ya kuanza mazungumzo.

Hesabu, hata hivyo, ingeweza kurekebishwa. Kilichonivunja ni usiku. Tanuri langu lilikuwa la chuma cha milimita 3, nami sikujua wakati ule kwamba waundaji makini wa matanuri ya kuni hutumia chuma cha milimita 6 au zaidi, kwa sababu chuma kinene kikishapata joto hulitunza, na moto ukilegea kidogo nyama haipati habari. Chuma chembamba hakitunzi kitu. Upepo ukivuma joto linashuka, mlango ukifunguliwa linaporomoka, na ili libaki kati ya nyuzijoto 110 na 130 tulilazimika kutia gogo kila baada ya dakika 20, usiku kucha, siku sita kwa wiki. Tanuri la chuma kinene linakupa dakika 40 hivi kati ya gogo na gogo. Tofauti hiyo ya dakika 20 inaonekana ndogo ukiwa dukani mchana. Saa tisa za usiku ndiyo inayoamua kama mfanyakazi wako ataweza kukaa chini na kunywa chai.

Usiku mmoja wa Ijumaa kijana wangu wa zamu alilala. Simlaumu, kwa kuwa alikuwa amekesha usiku wa nne mfululizo. Moto ulikufa wakati nyama imefika nyuzijoto 68, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu hapo ndipo unyevu unaotoka juu ya nyama huipoza kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha, hata kipimajoto kinakaa palepale kwa saa kadhaa kana kwamba kimeharibika. Kuivuka hatua hiyo kunahitaji moto thabiti au kuifunga nyama kwa karatasi, na sisi hatukuwa na moto kabisa. Hatukuweza kujua nyama ilikuwa imekaa kwenye joto la hatari, lile ambalo vijidudu huzaliana, kwa muda gani, kwa hiyo ya tanuri zima ilitupwa. Tuliwasha upya kwa nyama iliyobaki kwenye friji, na saa sita mchana ilipofika nililazimika kuchagua kati ya kufunga mlango na kukata nyama isiyokuwa tayari. Nilikata. Kidari hulainika pale nyuzi ngumu za kolajeni zinapogeuka kuwa jelatini, na kazi hiyo humalizika nyama ikiwa kwenye nyuzijoto 90 hadi 96 ndani. Yangu ilikuwa 80. Watu waliitafuna kimya kimya, wakalipa, wakaondoka, na wengi wao sikuwaona tena.

Ndiyo maana leo, mtu akiniuliza habari za tanuri, nami humuuliza habari za watu wake. Tanuri la kuni lenye sanduku la moto pembeni ni zuri, na sitamdanganya mtu: moto mkubwa unaopumua vizuri hutoa moshi mwembamba wa bluu, na ukoko unaotoka humo sijaupata kwenye mashine nyingine yoyote. Lakini linahitaji mtu anayeujua moto awe macho saa zote, na kwa mgahawa unaofungua siku sita maana yake ni angalau watu wawili wa zamu ya usiku wanaolipwa vizuri. Linahitaji pia kuni zilizokaushwa zikabaki na unyevu wa asilimia 15 hadi 20, za mti mgumu usio na utomvu, mwaka mzima. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyo ndani yake, moto unafukuta, moshi unakuwa mweupe na mzito, na lami chungu inaganda juu ya nyama na ndani ya dohani, ambako siku moja inaweza kushika moto. Ikiwa huna watu hao na huna kuni hizo, usilinunue, hata kama roho inakuuma. Mimi roho iliniuma, nikanunua.

Tanuri ninalotumia sasa lina rafu zinazozunguka taratibu ndani ya kabati lenye kuta za kukinga joto, lina kichomeo cha gesi kinacholinda joto nililoliweka, na ladha inatoka kwenye magogo machache yanayoungua ndani ya kisanduku chake. Mzunguko ule unamaanisha kwamba hakuna kidari kinachokaa kwenye kona ya moto usiku kucha, na mafuta ya rafu ya juu yanaidondokea nyama ya chini. Wapo waliokuja kunicheka kwamba nimeisaliti kuni. Nawajibu kwa sahani, na sahani zangu zinarudi jikoni tupu. Hata ule mviringo wa waridi chini ya ukoko, ambao wengi wanaamini ni alama ya kuni peke yake, hutokana na gesi za mwako kushikana na rangi nyekundu ya nyama kabla haijapata joto sana, na mwali wa gesi nao huchangia. Matanuri ya umeme ndiyo yanayouonyesha kwa unyonge. Hayo ya umeme na ya tembe za mbao, yaani punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, yanafaa mgahawa mdogo au mtu anayeanza na mbavu na kuku. Yanajiendesha vizuri, lakini moshi wake ni mpole, na ubao wake wa kielektroniki ukiungua siku ya Jumamosi huwezi kuutengeneza kwa nyundo.

Jambo ambalo karibu kila anayeanza hulisahau ni kabati la joto. Nyama haiivi saa ile unayofungua mlango. Inaiva alfajiri, au usiku wa manane, au wakati wowote inaopenda yenyewe. Kabati zuri linaloitunza kwenye nyuzijoto 60 hadi 65, likiwa na unyevu wa kutosha, linakuruhusu kupika leo mchana kwa ajili ya kesho, na kidari kilichopumzika humo saa nyingi kinazidi kulainika. Angalia tu kanuni za usalama wa chakula za mahali ulipo, kwa sababu kiwango cha chini cha kutunzia chakula cha moto si kimoja: Marekani ni nyuzijoto 57, Uingereza ni 63. Ningekuwa na kabati usiku ule wa Ijumaa, ningekuwa na nyama ya akiba iliyoiva tangu Alhamisi. Kama fedha yako haitoshi tanuri kubwa na kabati, chukua tanuri dogo na kabati.

Kuhusu moshi wenyewe, nilipoteza wiki tano kabla ya kufungua kwa sababu nilipanga kuuunganisha na bomba la kutolea hewa ya majiko mengine, na mkaguzi wa zimamoto akakataa. Alikuwa na haki. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 96, kwa mfano, kinataka njia ya kutolea moshi wa jiko la kuni itengwe na ya majiko mengine, kwa kuwa cheche inayokutana na mafuta yaliyoganda ndani ya bomba huwasha jengo zima. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, nayo haina harufu wala rangi, na mfanyakazi anayesinzia karibu na tanuri lisilotoa hewa vizuri anaweza asiamke. Kabla ya kuchagua mashine, mlete mkaguzi aone jengo. Pima upana wa mlango, uliza kama sakafu itabeba uzito huo, na ujue umeme ulionao ni wa njia (fezi) moja au tatu. Majirani pia wana pua, nao huishi na moshi wako saa zile ambazo wewe umelala.

Na usilipe kabla hujaliona likiwaka. Hili nalirudia katika kila makala na nitaendelea kulirudia, kwa sababu ndugu zangu bado mnanunua kwa picha. Omba liwashwe mbele yako. Tandaza vipande vya mkate kwenye nyavu zote, nenda kazungumze, rudi baada ya muda utazame: palipoungua na palipobaki peupe panakuonyesha ramani ya joto ambayo hakuna muuzaji atakayekuchorea. Fungua mlango kwa dakika 2, ufunge, kisha uhesabu joto linachukua muda gani kurudi mahali pake, maana mgahawani mlango huo utafunguliwa mara nyingi sana. Muulize muuzaji vipuri viko wapi, kichomeo kinabadilishwa na nani, ukanda wa kuziba mlango hudumu muda gani, na mafuta yanayodondoka yanamwagikia wapi. Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Ukiweza, nenda kwa mtu anayelitumia tanuri hilohilo kwa mwaka wa pili au wa tatu, umsikilize yeye, kwa kuwa tanuri la mwezi mmoja kila mtu hulisifu.

Haya yote nilimwandikia dada yule kwa ujumbe mrefu usiku uleule, bila kumficha yaliyonipata. Jana jioni alinijibu. Aliomba tanuri liwashwe, muuzaji akakataa kuliwasha kabla ya kupokea malipo ya awali, naye hakulipa. Jumamosi atakwenda kuona tanuri la rafu zinazozunguka kwenye mgahawa ambao umelitumia kwa miaka mitatu. Mwenye mgahawa alimkaribisha aje wakati wa chakula cha mchana. Dada akaomba afike saa kumi za usiku, amkute mtu wa zamu.