Fundi wa taa anajibu: "Nimeshusha feda zote, mbona jukwaa bado lina mwanga?"

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho katika sekondari moja hapa Iringa mjini. Tumepewa deski ya taa ya zamani, ya analogi, yenye chaneli 12 na safu mbili za feda (vile vishikio vya kutelezesha juu na chini), pamoja na masanduku mawili ya dima, yaani ya kupunguza na kuongeza mwanga. Nikishusha kila kitu hadi sifuri, taa nne zinabaki zikiwaka hafifu. Chaneli ya 7 nayo haiwaki mpaka feda ifike katikati, halafu inaruka ghafla. Fundi umeme anasema deski imekufa, tuitupe. Unatushauri nini?

Marahaba mwalimu. Usiitupe! Na kabla mtu hajashika bisibisi, kwanza tujue ugonjwa uko upande gani, kwa sababu nina wasiwasi deski yako inasingiziwa.

Umeme wa taa haupiti ndani ya deski. Kinachotoka kwenye kila feda ni volti kidogo tu, kuanzia 0 hadi 10, na kila chaneli ina waya wake hadi kwenye dima. Dima ndiyo inayobeba mzigo. Ikipokea volti 0 inazima, ikipokea 5 inatoa nusu, ikipokea 10 inawasha yote. Deski inasema, dima inasikia. Taa ikikosea, lazima ujue kama aliyekosea ni msemaji au msikilizaji, na jibu liko kwenye multimita ya kawaida ambayo fundi wako anayo tayari mfukoni.

Chomoa kebo ya deski upande wa dima. Mara nyingi utakuta plagi ya duara yenye pini 8, inayobeba chaneli 6, na moja ya pini mbili zilizobaki ni ya sifuri, ya wote. Weka waya mweusi wa mita hapo, na mwekundu kwenye pini ya chaneli unayoipima. Pandisha masta kuu (feda inayotawala deski nzima) na masta ya safu A (inayotawala safu hiyo) hadi mwisho, kisha sogeza feda taratibu. Chini isome 0, juu isome 10 au karibu yake. Baadhi ya mitambo ya zamani ya kampuni ya Strand ya Uingereza inatumia volti hasi, kwa hiyo ukiona alama ya kutoa mbele ya 10 usishtuke. Ila hakikisha dima zako nazo ni za aina hiyo, maana dima inayosubiri volti chanya haitaelewa kitu. Kumbuka pia kwamba masta hupunguza: feda ikiwa 8 na masta ikiwa nusu, pini itasoma 4. Nimeona watu wakifungua deski nzima kumbe masta kuu imeachwa katikati.

Sasa hizo taa nne. Kama pini zake zinasoma 0 na taa bado zinawaka, deski haina kosa. Kwenye dima nyingi za zamani kila chaneli ina skrubu mbili ndogo za kurekebisha, moja ya kiwango cha chini na nyingine ya kiwango cha juu. Ninavyodhani, mtu aliyetumia dima hizo kabla yenu aliiacha ya chini ikiwa wazi kwa makusudi. Waya wa ndani ya globu ukiwa baridi, ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi, au pungufu, ya ule unaokuwa nao ukiwa umewaka. Ukiipiga globu baridi umeme wote kwa ghafla, inavuta mkondo mkubwa mno, na ndiyo maana nyingi hufa sekunde ile ya kuwashwa. Fundi mwenye busara huuacha waya huo uwe na joto kidogo. Kwenu joto limezidi, basi.

Kurekebisha ni kazi ya fundi umeme, na hapo nakuomba usione aibu kumwita yuleyule. Ndani ya sanduku la dima kuna volti 230, na kama dima zako mbili zimeunganishwa kwenye fezi (nyaya za moto) tofauti, kati ya fezi na fezi ni 400. Bisibisi iwe na mpini wa plastiki usio na ufa, na mkono wa pili ukae mbali na bati.

Chomeka taa ya kweli ya jukwaani, ya wati 500 au 1,000. Globu ndogo ya nyumbani itakudanganya, kwa sababu dima inahitaji mzigo wa kutosha ili ishike. Weka feda kwenye 0, zungusha skrubu ya chini mpaka mwanga upotee. Ukitaka joto lile la akiba, rudisha kidogo tu, mpaka ukichungulia kwenye lenzi uone waya umekuwa mwekundu lakini sakafuni hakuna mwanga unaoanguka. Kisha feda ipande 10, uzungushe skrubu ya juu mpaka taa iache kuongezeka, na usimame hapohapo. Ukipitiliza, feda itafika 7 na taa imeshajaa, na utakuwa umepoteza karibu theluthi ya mwisho ya mwendo wa feda. Sasa rudi chini ukague tena, maana skrubu moja huisogeza nyingine. Nenda rudi mpaka zote mbili zitulie. Mwisho weka chaneli zote kwenye 5 na uzielekeze kwenye ukuta mweupe. Macho yatakuambia ipi bado haijalingana na wenzake.

Chaneli ya 7 ipime peke yake. Namba kwenye mita ikipanda kwa kurukaruka, feda ni chafu. Vumbi letu la Iringa la mwezi wa tisa linaingia kwenye ule ufa wa feda kama halina pengine pa kwenda. Waulize mafundi redio na simu dawa ya kopo ya kusafishia kontakti. Puliza kidogo deski ikiwa imezimwa, telezesha feda juu na chini mara nyingi, acha ikauke. Usitie mafuta ya aina yoyote, yanakusanya vumbi na baada ya muda hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Lakini namba ikipanda vizuri bila kuruka, basi tatizo ni skrubu ya chini ya chaneli hiyo kwenye dima, imefungwa kupita kiasi.

Shikamoo mama. Sisi ni kwaya ya vijana hapa Mbeya, tunaandaa igizo la mateso ya Bwana Yesu kwa ajili ya Pasaka. Deski yetu ina safu A na safu B. Masta ya B inafanya kazi kinyume: ikiwa juu taa zinazima, ikiwa chini zinawaka. Imeharibika? Na kila tunapohama kutoka safu moja kwenda nyingine, mwanga unafifia katikati halafu unarudi. Watu wanaona.

Marahaba wanangu. Haijaharibika. Mtengenezaji aliigeuza B makusudi ili masta mbili zisogee pamoja: masta zote zikiwa juu, A inawaka, zote zikiwa chini, B inawaka. Ukizishika kwa mkono mmoja na kuzivuta, A inaondoka huku B inaingia.

Huko kufifia mnakokuona ni hesabu tu. Tuseme chaneli ya 3 iko kwenye 8 katika safu zote mbili. Katikati ya safari, A imebaki nusu na inatoa 4, B imefika nusu nayo inatoa 4. Deski nyingi za aina hii hazijumlishi, zinachukua iliyo kubwa. Basi mwigizaji aliyekuwa kwenye 8 anashuka hadi 4, kisha anapanda tena, bila sababu yoyote kwenye hadithi.

Dawa ni kuzitenganisha masta. Safu inayoingia itangulie. Kutoka A kwenda B, vuta B chini kwanza, na ikikaribia mwisho ndipo uifuate na A. Kurudi, A ipande kwanza, B ifuate. Mkitoka Gethsemane usiku kwenda kwa Pilato, Yesu hatapotea machoni pa watu hata kidogo.

Deski hii haikumbuki chochote, kwa hiyo nyie ndio mtakaokumbuka. Chukueni daftari, kila badiliko mliandikie mstari wake kwa penseli: namba, safu, chaneli zipi na kiwango gani, neno la mwigizaji linaloanzisha, na mwendo, wa haraka au wa polepole. Mmoja asome daftari, mwingine awe kwenye feda. A ikiwa hewani, mnapanga B, na kabla ya kugusa feda yoyote yule msomaji ataje kwa sauti safu iliyolala. Kijana akipanga safu iliyo hai, jukwaa lote linacheza mbele ya waumini.

Na mazoezi ya taa yafanyeni pamoja na kwaya, msiyaache hadi siku ya mwisho. Ninazipenda deski hizi kwa moyo wote kwa sababu mwanga unakwenda na pumzi ya mtu. Sauti ya tatu ikishikilia noti ya mwisho sekunde mbili zaidi ya jana, mkono wako nao unasubiri sekunde mbili. Sikiliza, halafu shusha.

Nipo Njombe. Tulichomeka taa mpya za LED kwenye dima za zamani, zinapepesa na moja imeungua. Kwa nini?

Dima ya zamani inapunguza mwanga kwa kuukata umeme mara 100 kila sekunde. Globu ya waya haijali, lakini LED ina saketi yake ndani inayotaka umeme kamili. Zitoeni leo. Zichomekeni kwenye soketi ya kawaida na muziongoze kwa DMX512, lugha ya kidijitali ya taa iliyotolewa Marekani mwaka 1986. Vipo visanduku vinavyogeuza volti 0 hadi 10 kuwa DMX, kwa hiyo deski yenu ya analogi haina haja ya kustaafu.

Kanisani kwetu Makambako, taa zikiwa nusu spika zinanguruma. Fundi mmoja anataka kukata waya wa ethi (unaokwenda ardhini).

Mkatazeni kabisa! Waya huo ndio unaomlinda mwenye maiki mkononi. Pandisheni feda zote hadi 10, kisha zishusheni hadi 0: kama mngurumo unapungua pande zote mbili, chanzo ni dima, kwa kuwa ukataji wa umeme ni mkali zaidi katikati. Mitambo ya sauti ichukue umeme kwenye fezi tofauti na ya dima, kama jengo lina fezi tatu. Kebo za maiki zisilale sambamba na za taa, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kwa umbo la msalaba.