Tulipunga mkono tu, wakatutafuta hadi jioni

SWALI: Sasa, mi ni msomaji wenu kutoka Umoja. Mwezi jana mimi na binamu yangu tulishuka Diani tukalipia kuzamia na mitungi ya hewa, mkondo ukatusukuma tukaibukia mbali na boti yetu, bahati nzuri wavuvi walikuwa karibu wakakubali kutubeba. Kabla ya kupanda tukaipungia boti yetu mkono juu kabisa, kuwaambia tuko poa tumepata lifti, nahodha naye akapunga, basi tukaenda zetu. Simu tuliacha kwa begi botini. Tukala samaki ufukweni, tukalala kidogo, kurudi jioni tunakuta watu wamejaa na boti tatu zinatusaka. Sasa wanataka tulipe mafuta, binamu anasema hatoi kitu juu hatukuomba kutafutwa. Ni haki kweli?

JIBU: Mliomba bana, ni vile tu hamkujua. Kwa wazamiaji, mkono unaopungwa juu ya maji ni "nisaidie". Ukiwa sawa unaweka mkono kichwani, au unakutanisha mikono yote miwili juu ya kichwa iwe duara. Hata dole gumba, lile la kusema fiti huku kwetu, chini ya maji ni "twende juu", na kuna wageni wamepandishwa hivyo kabla hata hawajaona kasa.

Sasa huyo nahodha aliona mtu anaomba msaada, akajibu nimekuona, akangoja wazamiaji wake wengine watoke, akafika pale akakuta maji matupu. Angefikiria nini? Januari 1998 kule Great Barrier Reef, Australia, boti ilikosea kuhesabu watu ikawaacha baharini Wamarekani wawili, mtu na mkewe, Tom na Eileen Lonergan, ikagundulika baada ya siku mbili na miili yao haijawahi kupatikana. Nahodha yeyote aliyesikia hiyo stori haendi nyumbani na hesabu pungufu.

Lakini kama hamkuonyeshwa ishara hizo kabla ya kuzama, wala hamkupewa lile boya refu la kujaza hewa mzamiaji analorusha juu aonekane, hapo wenye boti pia wana makosa, na mi ningewaambia mgawane hayo mafuta nusu kwa nusu. Halafu wale wavuvi waliowabeba, naona hujasema kama mliwaachia hata ya soda.